Wifi Yangu Sekela na Nyuma ya Mwezi

Ungetaka kumjua wifi yangu Sekela, ungemwona kwanza anavyokimbia. Simsemi vibaya. Hakuwa mwoga wa nyoka, wala wa radi za Kiwira zinazopasua miti, wala wa mimi Lea, na mimi watu wengi wananiogopa kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anamkimbia mtu mmoja tu hapa duniani: baba yangu mzazi, mzee Andendekisye, mtu ambaye hata kuku walioingia ndani alikuwa anawabembeleza watoke.

Kwetu Unyakyusa mke na baba mkwe wake hawaonani. Hata kidogo. Mwanamke hamtazami mkwewe, hasemi naye, jina lake halitamki, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia migombani. Na haianzi siku ya harusi. Inaanza siku ile ng'ombe wa kwanza anapofika kwa kina binti, hata kama binti mwenyewe bado ananyonya. Baba naye alikuwa na adabu zake. Akikaribia ua wa kaka yangu alikuwa anakohoa tangu kule mtoni, kho kho kho, mpaka wageni wakadhani mzee ana kifua. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa! Alikuwa anampa Sekela nafasi ya kukimbia.

Na Sekela alikimbia kweli. Kuna siku alikuwa amebeba chungu cha maharage kichwani, kimejaa, cha moto. Baba akatokea upande ambao hakuzoea kutokea, maana alikuwa anamfuata ndama aliyepotea, akasahau kukohoa. Weee! Sekela alizama kwenye mtaro wa maji na chungu chake kichwani, akachuchumaa humo mpaka ndama akapatikana. Hakumwaga hata punje. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Yeye akatoka, akakamua gauni, akasema, "Cheka tu, wifi. Heshima si utumwa." Kisha akapakua chakula kama vile hakuna kilichotokea.

Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke wa kazi, mcheshi, mwenye shamba la kahawa lisilo na jani moja la magugu. Uwanja wake aliufagia kila asubuhi mpaka ukang'aa, na sehemu ya mbele ya nyumba ya baba aliifagia mapema zaidi, kabla mzee hajaamka, halafu anatoweka. Chakula cha baba alikipika yeye miaka yote tangu mama yetu afariki, na watoto ndio waliokipeleka. Baba alimjua kwa mkono wake wa chumvi, kwa sauti ya mtwangio wake, na kwa mgongo unaopotelea migombani. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Wachungaji walikwisha kusema kwamba Wakristo wanaweza kusalimiana na wakwe zao, si dhambi, na wengi pale kwetu walikuwa wameanza kusalimiana. Sekela, thubutu! Kanisani alijifunika kanga mpaka machoni, akakaa nyuma ya nguzo. Watu walisema ana heshima ya kizamani. Mimi nilijua ana jambo jingine pia.

Uso wake ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na shimo. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe, kwetu sisi tuliomzoea, alikuwa anasema wazi. Alipokuwa mtoto mdogo anayejifunza kutembea aliangukia motoni, na moto ukamla shavu la kushoto. Pakabaki bonde linaloshuka mpaka pembe ya mdomo. Wanawake wote tulilijua. Kaka yangu Asukile alilijua na akampenda hivyo hivyo. Wasiolijua walikuwa wazee tu, baba na rika lake, maana hao wote ni wakwe na wote aliwakimbia. Wakikaa barazani kwa baba na kula mapishi yake, walikuwa wanasema mwenye mkono huu lazima uso wake ni wa malaika. Baba alikuwa anatabasamu, haongezi neno. Sekela akiyasikia hayo kule jikoni, alikuwa anaacha kutwanga, anashika shavu.

Sasa mimi nilikuwa nimeolewa mbali, Iringa mjini, mtaa wa Mlandege, na fundi seremala wa Kihehe anayeitwa Kalinga. Mwaka wa hamsini na tisa, karibu na mwisho wake, nikapata habari kwamba macho ya baba yanaingia ukungu. Nikafunga safari. Nilichukua na zawadi, sukari na sabuni, na mwenye duka akanifungia ile sukari kwenye gazeti, kama walivyokuwa wanafanya.

Nilimkuta baba amekaa nje juani, amenenepa kidogo, macho meupe kama yamenyunyiziwa unga. Alinitambua kwa sauti. "Ndaga, mwanangu, ndaga," akawa ananishukuru kabla hata sijafungua mzigo. Nilijizuia nisilie. Nikaanza kumkaripia kwa nini hakuniita mapema, maana mimi nikiwa na huzuni huwa nakaripia.

Asukile ndiye aliyeokota lile gazeti la sukari. Kaka yangu alisoma kidogo, darasa la nne, lakini karatasi ikiwa na maandishi hawezi kuiacha, hata ikiwa imefunga samaki. Akaikung'uta, akaanza kusoma, akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Baba! Warusi wamerusha chombo kikauzunguka mwezi. Kimepiga picha nyuma ya mwezi!"

"Mwezi una nyuma?" baba akauliza.

"Unayo. Sisi unatuonyesha uso ule ule siku zote. Haugeuki. Wanasema tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyeuona upande ule."

Baba alifikiri. "Kweli," akasema. "Yale madoa yake sijawahi kuyaona yakihama. Haya, na huko nyuma kuna nini?"

"Mashimo. Wataalamu wanasema mengi yamechimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka juu."

"Kama lile jiwe la chuma la kule Mbozi."

"Kama lile, ila makubwa kupita kiasi. Hata Ngozi letu lingeingia humo likapotea." Ngozi ni ziwa lililo juu ya mlima huko kwetu, limekaa ndani ya shimo kubwa lenye kuta za msitu, na baba alilifahamu maana alichunga pembeni yake ujanani. Asukile akaendelea kusoma, kidole kikifuata mstari. "Na mengine ni ya kale mno. Yamepigwa na mawe mengine juu yake, kingo zimelika, zimelainika, unabaki unaona kivuli tu."

Mimi siku hizi ni bibi, na wajukuu wamenionyesha picha safi ya shimo mojawapo la huko. Nimeliona vizuri. Kongwe, mdomo umebomoka, shimo dogo limekaa juu ya ukingo wake kama mtoto mgongoni, na ndani kumejaa vumbi mpaka pamekuwa uwanja. Lakini mwaka ule lilikuwa doa la kijivu kwenye karatasi ya sukari. Baba aliisogeza mpaka ikagusa pua yake.

"Lipi hilo la kale?"

Asukile alichukua kidole cha baba akakiweka juu ya doa mojawapo. Alikuwa anabahatisha tu, namjua kaka yangu. Baba hakukiondoa kile kidole.

"Na hakuna aliyeuambia mwezi ugeuke?"

"Hakuna, baba. Walizunguka wao."

"Wakauona bila kuuvunjia heshima," akasema baba. Akakunja gazeti taratibu, akalipapasa. "Lea. Macho yangu yanafunga. Nahesabu mavuno haya, labda na yajayo, basi. Kabla hayajafunga nataka kuuona uso wa mke wa mwanangu. Sitaki ageuke mbele yangu, wala aache adabu aliyolelewa nayo. Ninyi zungukeni. Mpigeni picha, mniletee."

Tulitazamana mimi na Asukile. Kule jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, mtwangio ulikuwa umenyamaza.

Sekela alikataa. Alikataa huku anamenya ndizi, akakataa huku anakamua ng'ombe. Mumewe akamwambia picha si mtu. Nikamwambia mimi pia, kwa maneno mengi zaidi. Mwishowe akakaa juu ya gogo la kuni, mikono magotini, akasema, "Wifi, baba hajawahi kuniomba kitu. Hata chumvi ikipungua, anakula hivyo hivyo. Sasa ameomba hiki kimoja, nami nakisikia kooni kama mfupa."

"Basi utakwenda?"

"Nitakwenda."

Tulipanda basi la Mbeya, mimi naye, asubuhi na baridi yake. Tulipofika Isongole, wanawake walikuwa wanauza viazi kando ya barabara, tukanunua vya kuchemsha vya kula njiani. Sekela alivaa gauni lake la Pasaka, la buluu, na kitambaa cheupe kichwani. Alipendeza, nami nilimwambia. Akanijibu kwamba mdomo wangu leo umekula asali.

Mbeya, karibu na soko, kulikuwa na mpiga picha anaitwa Yotamu, kijana mpole mwenye pazia lililochorwa maua na kamera ya miguu mitatu. Alimkalisha Sekela kwenye kiti. Nikamwona amekauka, nikamwambia, "Wifi, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Inua kidevu. Cheka kidogo. Si hivyo, unacheka kama anayeng'olewa jino!" Sekela akapasuka kicheko, kamera ikiwa inamngoja, na Yotamu akanigeukia.

"Dada, samahani. Nakuomba usubiri nje."

Mimi! Nifukuzwe! Nilitoka na hasira zangu nikaenda sokoni kununua chumvi. Niliporudi Sekela alikuwa amekwisha kutoka, amesimama mlangoni.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

Njia nzima ya kurudi hakusema mengi. Nilidhani ni uchovu.

Picha ilichelewa, maana Yotamu alikuwa na kazi nyingi za Krismasi. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kwa Kalinga nikae mpaka mwaka mpya, na baba kila basi lilipopita alikuwa ananyanyua kichwa. Alikuwa haoni tena tofauti ya mbuzi na kisiki. Hatimaye dereva Isakwisa akasimamisha basi, akanipa bahasha, akasema, "Yotamu anasema pole. Anasema yule mama ni kazi." Sikumwelewa, wala sikuwa na muda wa kumwelewa. Nilikimbia mpaka kwa baba.

Tulimwosha uso kwa maji ya uvuguvugu. Tukamweka penye jua. Asukile akamshika bega. Nikafungua bahasha bila kuitazama, nikasema mzee ndiye awe wa kwanza, ni haki yake, nikamwekea mkononi. Baba aliisogeza machoni, akaisogeza mbali kidogo, akairudisha. Akaigeuza juu chini.

"Mbona naona kitambaa?"

Tukainama. Jamani! Kiti kile pale, pazia la maua lile pale, na kwenye kiti mgongo wa gauni la buluu na kisogo kilichofungwa kitambaa cheupe, kizuri, kimetokea vizuri kabisa, kila uzi unaonekana.

"Huu mgongo," akasema baba, "naujua miaka yote hii!"

Alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, akacheka kwa mabega, akampiga Asukile gotini. Asukile naye akacheka. Machozi yalimtoka baba mpaka akafuta kwa ukingo wa shuka. "Warusi wamepita nyuma wakaona mapya," akasema, "nami mmenipitisha nyuma nikaona yale yale!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaka. Niliingia jikoni kama mbogo.

"Sekela! Ni nini ulichofanya? Mzee anapofuka, unamletea kisogo?"

Alikuwa anachochea moto. Hakuinuka. "Nilijaribu, wifi. Yule kijana alikuwa anaingia chini ya kitambaa chake cheusi, nami natazama kile kioo, najisemea ni kioo tu. Halafu nakumbuka ni nani atakayetazama kutoka upande wa pili. Mwili unageuka wenyewe. Akasema tena, nikageuka tena. Mwishowe alipiga hivyo hivyo."

"Picha si mtu! Tulikwambia!"

"Kwako si mtu. Mimi kile kioo kilikuwa jicho la baba." Kisha akashika shavu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na tena, akiniona hivi? Wenzake wote wanasema malaika. Amekula chakula changu miaka yote akidhani mwanawe ameoa uso mzima. Afadhali apofuke na mgongo wangu."

Hasira zangu zilikatika pale pale kama uzi. Nilimhurumia mpaka nikaumia. Nikawaza, huyu mwanamke hamkimbii mtu, analikimbiza shavu lake lisionekane. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa baba. Asukile alikuwa ameondoka kupeleka ng'ombe majini. Baba alikuwa bado na picha mkononi, kicheko kimepungua.

"Baba," nikasema, "nitasema neno ambalo halisemwi. Unanijua. Sekela hakugeuka kwa ukaidi. Ana kovu la moto, kubwa, usoni. Anaogopa ukiliona utasikitika kwamba ulimchagua."

Kuku wote walipita mbele ya baba, hakuwasemesha.

"Shavu la kushoto," akasema.

Nilishtuka. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyemtoa motoni."

Akanisimulia, taratibu, akitazama kule ambako hakuoni. Baba yake Sekela alikuwa rafiki yake. Siku hiyo alikuwa amekwenda kumtembelea, wanaume wamekaa nje, wakasikia kelele ya mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Alimtoa kwenye mafiga kwa mikono yake, akamfunga kwenye shuka, akambeba mbio mpaka misheni, mtoto analia na kumshika sikio njia nzima. Wamisionari wakamfunga bandeji kichwa kizima, likabaki jicho moja na mdomo.

"Lile jicho lilikuwa linanitazama mimi tu," akasema baba. "Nikajisemea, huyu akipona atakuwa mtoto wangu. Nami nikafanya haraka kama mpumbavu. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kusema nani ataoa mtoto aliyeungua. Kabla ya bandeji kufunguliwa nikampelekea baba yake ng'ombe wa kwanza, nikasema ni mke wa Asukile. Siku ile ile ikawa mwiko kumtazama. Sikuona bandeji ikifunguliwa, Lea."

"Na mama hakukwambia?"

"Mama yako alisema, 'Amepona.' Basi. Ningeuliza zaidi? Uso wa mkwe hauulizwi. Hata wewe nisingekwambia, kama usingeanza." Akapapasa ile picha. "Nilitaka tu kujua limepona namna gani. Ni hilo tu nililolitaka miaka yote."

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nilimwambia Sekela yote kwa pumzi moja. Ukuni ukamponyoka mkononi.

"Mama alisema alinitoa mgeni," akasema. "Kila nikimuuliza mgeni gani, anasema, 'Mgeni tu, nyamaza.'"

"Mama yako angekutajiaje jina la mkweo, wewe? Na wewe ulikwisha kuwa mke wa watu na meno yako ya maziwa!"

Sekela akainuka, akanawa uso kwa maji ya mtungi, akafuta taratibu, lile shavu la mwisho. Akafungua kitambaa cha kichwa akakiacha juu ya kigoda. Akatoka. Nilimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiukata ule uwanja katikati, hakimbii, hapindi, anakwenda kama mtu anayekwenda kisimani kwake.

Baba alisikia hatua zake. Alizijua, angekosaje kuzijua? Mzee wa watu akaanza haraka haraka kugeuza uso wake ukutani, ili Sekela apate kupita.

"Baba, usigeuke," nikamwambia.

Sekela alipiga magoti mbele yake, mbele kabisa, akainua uso. Baba aligeuka polepole. Macho yale meupe yakatafuta, yakapita juu ya kichwa chake, yakashuka, yakapotea tena.

"Sogea kwenye jua, mwanangu," akasema.

Akasogea. Akageuza shavu la kushoto kwenye mwanga, akalishikilia hapo. Baba aliinama mpaka pumzi yake ikamfikia, mikono ameifumbata magotini asije akamgusa, na alitazama, jamani, alitazama kwa ule mwanga kidogo uliokuwa umembakia, kuanzia chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo.

"Limepona," akasema. Machozi yakamwagika. "Loo, Lea, angalia, limepona vizuri!"

Midomo ya Sekela ilicheza kabla sauti haijatoka. Baba alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo ikisema naye tangu ilipokuwa kilio sikioni mwake.

"Lilipona, baba," akasema. "Lilipona zamani."